Nyuzi 94: Uhandisi Ndani ya Kipindi cha Sayansi

Maandishi ya hotuba niliyowatolea walimu wa sayansi na wazazi wa shule za umma, Eastlands, Nairobi

Wakuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mlioketi sakafuni hapa mbele kwa sababu viti havikutosha: hamjambo nyote. Niliombwa nizungumze juu ya kuingiza uhandisi katika vipindi vya sayansi vya shule za umma. Naomba nianze na kifutio.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya kutwa huku huku Eastlands. Siku moja niliwapa kidato cha kwanza kazi ambayo kila mwalimu wa sayansi aliyemo humu ameshaitoa: chemsha maji, tumbukiza kipimajoto, soma, andika. Tulikuwa na vipimajoto vitatu kwa wanafunzi 54. Nikawa napita kati ya meza, nikasimama nyuma ya msichana mmoja. Alikuwa ameandika 94. Akachungulia daftari la jirani yake. Akafungua kitabu. Kisha akachukua kifutio, akaifuta ile 94 polepole, akapuliza vumbi la raba, akaandika 100.

Mimi nikapita. Nikaendelea na meza nyingine, na jioni niliposahihisha madaftari nikaiwekea ile 100 alama ya vema.

Jambo hilo limekaa nami hadi leo, kwa sababu nilijua, kama mnavyojua nyinyi, kwamba jibu sahihi lilikuwa lile lililofutwa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu haiyakandamizi maji kwa nguvu kama inavyoyakandamiza kule Mombasa, na maji yasiyokandamizwa sana hayangoji nyuzi 100 ndipo yachemke. Kwetu huchemka yakifika 94 au karibu na hapo. Kitabu kilikuwa kinaeleza maji ya pwani. Mtoto alikuwa amepima maji ya Nairobi kwa mkono wake mwenyewe, na sisi sote, kitabu, jirani na mwalimu, tukamwacha aufute ukweli wake ili apate alama.

Walimu wenzangu, hivyo ndivyo tulivyoizoea sayansi. Jaribio moja, jibu moja, na jibu lenyewe limeshachapishwa kabla mtoto hajawasha kibiriti. Uhandisi huanzia pale jaribio la kwanza linapokataa. Ndiyo sababu nauhitaji darasani mwangu, hata kwa wale watoto ambao hawatakuwa wahandisi kamwe.

Nilipoanza kufundisha sekondari msingi, niliirudia ile 94. Tulichemsha maji na gredi ya 8, tukapima, tukaandika tulichokiona, kisha nikawauliza: nyumbani kwenu githeri inachukua muda gani kuiva? Wazazi mlio hapa mnalijua jibu, na mnaijua bei ya mkebe wa makaa. Maji yakishafika 94 hayapandi tena, hata ukiongeza makaa kiasi gani. Kinachoongezeka ni mvuke tu. Kwa hiyo mahindi na maharagwe makavu hukawia kuiva Nairobi kuliko yanavyokawia pwani, na yule mama anaendelea kununua makaa ili yageuke mvuke unaotoka dirishani. Swali likawa hili: chakula kikishachemka, tufanye nini kiendelee kuiva bila moto?

Kina mama wengi hapa wanajua kile kikapu kilichoshonewa vitambaa na sufi ndani, unachofunikia sufuria ikaendelea kuiva yenyewe. Sikuwaonyesha wanafunzi. Niliwapa masharti: msitumie zaidi ya shilingi 50, kifaa kibebwe na mtu mmoja, na kitengenezwe kwa vitu vilivyoko nyumbani. Darasa lilikuwa la watoto 62, kwa hiyo makundi 10. Kila kundi lilipata lita moja ya maji yaliyochemka na saa moja ya kungoja, ambayo tuliipata kwa kuunganisha kipindi na mapumziko ya saa nne.

Kundi moja lilijaza katoni kwa magazeti, wakayashindilia kwa magoti hadi katoni ikawa ngumu kama tofali. Walikuwa na hakika ya ushindi, maana wao ndio waliotumia magazeti mengi kuliko wote. Saa moja baadaye maji yao yalikuwa yameshuka hadi 61. Kundi la jirani, lililokuwa na nusu ya magazeti hayo yaliyofinyangwa ovyo ovyo tu, lilikuwa na 68. Msichana mmoja wa kundi la kwanza alikasirika hadi machozi yakamlenga. Akaniambia, “Mwalimu, sisi tumeweka mengi!”

Hapo ndipo kipindi kilipoanza. Sikumjibu. Nilimwambia afungue katoni, aitazame. Wakabishana wenyewe kwa dakika 15, kwa Kiswahili na Sheng, mikono ikipaa hewani. Kumbe magazeti yaliyoshindiliwa yamefukuza hewa, na hewa iliyonaswa katikati ya mikunjo ndiyo inayozuia joto lisitoroke. Lakini yule msichana alikwenda mbali zaidi. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha katoni, kisha ubavuni, kisha juu tena. Wiki iliyofuata kundi lake lilirudi na mto mdogo walioushona kwa leso kuukuu ukajazwa vipande vya blanketi, wakaukalisha juu ya sufuria. Maji yakabaki 77. Katika daftari lake aliandika sentensi mbili ambazo sijawahi kuzikuta katika kitabu chochote cha gredi ya 8: “Tulidhani joto linatoka kando. Linatoka juu.”

Mtoto huyu amejifunza kila kilichomo katika silabasi ya Sayansi Jumuishi kuhusu joto kusafiri. Hakuna nilichomwongezea. Tofauti ni kwamba alikuwa na haja nacho. Na hakufuta ile 61. Iko hadi leo katika ukurasa wa kwanza, na ile 77 isingekuwa na maana bila hiyo.

Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nimeufikiria sana msemo huu nikiwa mbele ya ubao. Sisi walimu wa sayansi tunafundisha vizuri sana nusu yake ya kwanza. Tunaeleza kwa nini chombo kinaelea, tunachora mishale ya kani inayosukuma juu na kani inayovuta chini, tunampa mtoto fomula. Nusu ya pili, kwamba kuna mtu aliyekaa ufuoni na shoka na tezo, akaunda, kikavuja, akakipandisha tena mchangani, hiyo tumemwachia mtu mwingine ambaye hatumjui.

Mimi kwa bahati namjua. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mabati Kamukunji. Nilikulia katikati ya kelele ya nyundo, na masanduku ya bluu na meusi ambayo wengi wenu mlibebea nguo kwenda bweni, huenda moja au mawili yalitoka mkononi mwake. Nilibeba jiko moja leo, hili hapa mezani. Naomba mlitazame.

Zamani jiko la makaa lilikuwa bati tupu. Joto lilitoka pande zote, likaunguza miguu ya watoto, makaa yakaisha haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walileta wazo kutoka Thailand, ambako watu walikuwa wakipikia jiko la ndoo lenye udongo uliochomwa ndani yake. Mngedhani kilichobaki ni kunakili tu. Lakini udongo na bati havitanuki sawasawa vinapopata moto, na majiko ya mwanzo yalipasuka. Ikabidi umbo libadilishwe: likapata kiuno, kama mnavyoona, udongo ukabaki kwenye nusu ya juu tu, na sehemu ya chini ikapanuka ili jiko lisipinduke mama anaposonga ugali. Vipimo vingi vilionyesha kwamba jiko hili huokoa theluthi ya makaa au zaidi. Na mahali lilipokomalia ni katika vibanda vya jua kali vya mji huu, yaani vya mafundi wadogo wanaojiajiri, vibanda ambavyo wanafunzi wetu hupita mbele yake kila siku wakienda kupanda matatu, bila mtu kuwaambia kwamba mle ndani kuna somo.

Hiki kiuno cha jiko ni jaribio la pili. Baba hakujua neno uhandisi. Alijua kwamba ukipiga mashimo machache mno kwenye udongo moto unafifia, na ukiyapiga mengi mno udongo unavunjika. Mimi nilijifunza darasani kuhusu hewa na mwako, nikapata alama nzuri, na sikuwahi hata siku moja kuyaunganisha mambo hayo mawili hadi nilipokuwa mtu mzima, baba akiwa ameshafariki. Nasikitika kwamba sikuwahi kumweleza kwa nini mashimo yake yalikuwa sahihi, na kwamba yeye hakuwahi kunieleza alijuaje idadi yake.

Nchi hii imeshajaribu kuunganisha mkono na kitabu. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza 1985, ulikuja na sanaa na ufundi, useremala, sayansi kimu na kilimo. Wazazi walichanga kwa harambee wakajenga karakana. Shule niliyosoma mimi ilijengewa moja nzuri, yenye madirisha makubwa na meza za mbao ngumu. Nilipoirudia miaka baadaye, nilikuta mle ndani madawati yaliyovunjika na magunia ya maharagwe. Masomo mengi ya mikono yalikuwa yameacha kutahiniwa, na somo lisilotahiniwa halichukui muda kuzimika. Lakini mimi naona kulikuwa na kosa jingine kubwa zaidi: karakana ilikuwa upande mmoja wa uwanja na darasa la sayansi upande wa pili. Mwalimu wa useremala hakuwahi kukanyaga kwetu, wala sisi kwake.

Sasa tuna mtaala wa umilisi, uliochukua nafasi ya 8-4-4, na Januari 2026 wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya 10. Mkondo mmojawapo kati ya mitatu wanayochagua unaitwa wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtoto wa miaka 15 anaambiwa achague neno “uhandisi” likiwemo katikati ya jina. Namuuliza mwalimu mwenzangu, kwa dhati kabisa: kabla ya siku hiyo, mtoto huyo ameshafanya uhandisi mara ngapi? Sekondari msingi ina somo la kiufundi, na ni somo jema. Linafundisha vifaa, usalama, michoro. Lakini nahofia ule uwanja katikati ya karakana na darasa umerudi. Uhandisi ukiwa mbali na sayansi unageuka kazi ya kukata na kubandika. Sayansi ikiwa mbali na uhandisi inageuka kifutio.

Na kuna hatari ya pili, ambayo nitaisema mbele ya wazazi kwa upendo. Kazi nyingi za mikono tunazowapa watoto zinafanywa na nyinyi, saa nne usiku, kwa gundi na katoni mlizonunua duka la karibu. Nawaelewa, mnaogopa mtoto aende shuleni na kitu kibovu. Lakini kile kitu kibovu ndicho nilichokuwa nakihitaji.

Niliwahi kupeleka wanafunzi kwenye maonyesho fulani ya sayansi. Walikuwa wametengeneza chujio la maji ya mvua kwa mchanga, kokoto na makaa yaliyopondwa, na walikuwa na daftari lenye majaribio sita, matano kati ya hayo yakiwa yameshindwa. Waliandika kila kitu: mchanga laini mno, maji hayapiti; mchanga mkubwa mno, maji yanatoka na tope. Waliandika hata kwamba maji yakitoka meupe bado si salama, lazima yachemshwe, kwa sababu vijidudu havionekani. Mwamuzi mmoja alifungua daftari, akauliza, “Kwa nini mmeleta makosa yenu hapa?” Alama zikaenda kwa mfano wa mji wenye taa za kuwaka na kuzima, ulionunuliwa ukiwa umekamilika. Watoto wangu walirudi kwenye matatu kimya. Mmoja aliniuliza kama angepaswa kuzing'oa zile kurasa tano. Nilimwambia hapana, kisha ikanibidi nigeuzie uso dirishani.

Tusidhani mapambano haya ni yetu peke yetu. Nchini Marekani, jimbo la Massachusetts ndilo lililotangulia kuandika uhandisi katika viwango vya masomo ya shule zake za umma, tangu chekechea hadi mwisho wa sekondari, mnamo 2001. Mmoja wa waliolisukuma sana jambo hilo ni Ioannis Miaoulis, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Tufts, ambaye baadaye aliongoza jumba la makumbusho ya sayansi la Boston. Jumba hilo lilianza mwaka 2003 kuandaa masomo ya uhandisi kwa watoto wa shule za msingi, kwa hatua tano: uliza, waza, panga, unda, boresha. Mwaka 2013 vikatoka viwango vipya vya sayansi vilivyokusudiwa majimbo mengi, na usanifu wa kihandisi ukiwa umekaa ndani ya sayansi yenyewe. Mambo mawili yananivutia. Hawakujenga somo jipya pembeni. Waliliingiza katika kipindi kilichokuwapo. Na waliolibeba katika shule za msingi ni walimu wa kawaida, wasiosomea uhandisi.

Nataja hilo kwa sababu nimesikia mara nyingi katika vyumba vya walimu: “Mimi sikusomea uhandisi.” Mwalimu, hebu kumbuka. Mwaka 1998 Kenya na Japani zilianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, SMASSE, na kazi hiyo inaendelea hadi leo katika CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu pale Karen. Wengi wetu wenye mvi tulipitia mafunzo yale wakati wa likizo, tukinung'unikia posho na chakula. Tulifundishwa nini? Kubuni vifaa kwa vitu vilivyopo, na mzunguko mmoja: panga, tenda, tazama, boresha. Wakati ule tuliambiwa ni namna ya kuandaa somo. Huo ni mzunguko wa mhandisi. Tumekuwa nao mkononi kwa zaidi ya miaka 25, tukiutumia kuboresha somo letu sisi, mtoto hatukumkabidhi.

Maabara? Shule nyingi za sekondari msingi ziko ndani ya shule za msingi ambazo hazikujengewa maabara, na serikali inapaswa kuzijenga; nalisema hilo bila kupunguza neno. Lakini gazeti, uzi, katoni na mchanga havingoji bajeti. Madarasa yamejaa, ndiyo. Watoto 62 wakiwa na jiko moja la mfano mbele ya darasa ni balaa. Watoto sita sita wakizunguka katoni yao wanajishughulisha wenyewe, na mwalimu anapata nafasi ya kutembea na kusikiliza. Jihadharini na makali ya bati na maji moto, wekeni mtu mzima mmoja zaidi siku hiyo. Mzazi akija kusaidia kubeba sufuria, karibu sana.

Na mwiteni fundi. Mwaka jana nilimwalika seremala mmoja kutoka Gikomba. Aliweka ubao wa inchi 4 kwa 2 juu ya mawe mawili, kwanza akiwa ameulaza, mvulana akausimamia, ukabonyea. Kisha akausimamisha kwa ubavu, mvulana yule yule akausimamia, haukubonyea kiasi cha kuonekana kwa jicho. Fundi akasema, “Mbao ina mgongo. Ukiilaza umeivunja mgongo mwenyewe.” Nikaandika ubaoni hesabu tunayoijua: ugumu wa boriti hukua kwa upana wake, na kwa unene wake wa kwenda juu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu; ukiusimamisha ubao upana unakuwa nusu na unene unakuwa maradufu, kwa hiyo ubao uleule ukiusimamisha unakuwa mgumu mara 4. Fundi aliitazama ile hesabu kwa muda mrefu. Akaniuliza kama anaweza kuinakili. Watoto waliona mambo mawili siku hiyo: mwalimu wao akijifunza kwa fundi, na fundi akijifunza kwa mwalimu. Sijui lipi liliwagusa zaidi. Baadaye mmoja alinyoosha mkono, akaelekeza kidole darini, akauliza kama ndiyo sababu mabati yana mikunjo. Ndiyo hiyo hiyo.

Somo lile lilifanyika kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na nawaomba wakuu wa shule msiliogope hilo. Mtihani uko kwa Kiingereza, nasi tutawaandaa kwa Kiingereza. Lakini mtoto anapobishana kwa nini kitu kimeanguka, mwacheni abishane kwa lugha anayoiotea ndoto. Nina wanafunzi ambao sikuwahi kusikia sauti zao hadi siku hiyo.

Kuna jambo moja zito, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa 6 liliporomoka Huruma, si mbali na hapa. Watu karibu 50 walikufa. Wengine wenu mlikuwa pale mkiondoa vifusi kwa mikono. Sababu za jengo kuanguka huwa nyingi, na wenye mamlaka wana sehemu yao ambayo mwalimu hawezi kuibeba. Lakini watoto wetu ndio watakaokuwa wapangaji wa kesho, vibarua wa kesho, wenye ploti wa kesho. Mtoto anaweza kumaliza masomo yake yote ya sayansi bila kujua kwamba zege ikitiwa maji mengi ili iwe rahisi kumwaga inakuwa dhaifu. Hajui kwamba zege changa inahitaji kumwagiliwa siku 7 au zaidi, na kwamba nguvu yake hupimwa ikiwa na siku 28. Anapita chini ya nguzo iliyopasuka na hana swali la kuuliza.

Tulilijaribu darasani. Pakiti za maziwa zikawa kalibu. Michanganyiko mitatu, saruji na mchanga kwa kipimo kilekile, maji tofauti, glavu mikononi. Tukangoja siku 7. Kisha tukaangushia jiwe la kilo 2 kutoka urefu wa goti, nyuma ya kamba, tukihesabu mapigo. Ule mchanganyiko wa majimaji, ambao kila mtoto aliupenda kwa sababu ulijaa vizuri kwenye pakiti na ukatoka laini kama sabuni, ulipasuka kwa pigo la kwanza. Mvulana mmoja ambaye babake ni kibarua wa mjengo alibaki akikitazama kile kipande. Jioni, babake alinipigia simu kuniuliza nimemfundisha nini mwanawe, kwa sababu amefika nyumbani akimuuliza maswali ya maji na saruji. Hakuwa amekasirika. Tulizungumza hadi muda wa maongezi ukamwishia.

Basi ombi langu ni hili. Kila muhula, kila darasa la sayansi, vipindi vitatu vya dakika 40. Kimoja cha kujenga, kimoja cha kupima hadi kivunjike, kimoja cha kujenga tena. Muda ukiwabana, kama utakavyowabana, punguzeni cha kwanza. Msikiguse cha tatu. Alama zisiende kwa kile kilicho imara kuliko vyote, ziende kwa kile kilichobadilika kati ya jaribio la kwanza na la pili, na kwa maelezo ya mtoto kwa nini kimebadilika. Daftari liandikwe kwa kalamu ya wino. Anayekosea apige mstari mmoja, namba ibaki ikisomeka.

Nimeshazungumza vya kutosha. Kwenye kila meza kuna kurasa kumi za gazeti, uzi wa mita moja, na mfuko wa mchanga. Nimezitenganisha meza mbili mbili, pengo la sentimita 40. Jengeni daraja la kuvuka hapo, bila gundi, bila kulifunga kwenye meza. Wazazi na walimu changanyikeni, na kila kundi lichukue angalau mwanafunzi mmoja. Yeye ndiye atakayeshika kalamu. Mna dakika 12. Kisha tutamimina mchanga hadi yaanguke yote, tutapima, tutaandika, halafu nitawapa kurasa kumi nyingine.